Bendi za vijana wa shule miaka ya sitini: zilikwenda wapi?

KambaYaSita (Dar es Salaam)

Shikamooni wazee, na wengine wote habari zenu.

Mwezi uliopita tulikuwa Tanga kwa arobaini ya baba mkubwa, na katika kupanga vitu vyake tulikuta picha moja ndani ya bahasha ya kaki. Wamo vijana wanne waliosimama mbele ya ukuta wa chokaa, wote wamevaa mashati meupe, tai nyembamba nyeusi na suruali za kubana zinazoishia juu ya kifundo cha mguu. Wawili wameshika magitaa, mmoja yuko nyuma ya ngoma kubwa ya gwaride iliyozuiwa kwa matofali mawili isiviringike, na wa nne, ambaye ndiye baba mkubwa, ameshika mpini wa jembe uliosimikwa juu ya sanduku la mbao, na kutoka ncha ya mpini kamba moja inashuka hadi kwenye sanduku. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino "Tanga, 1967" na basi.

Nyumbani tulimjua kama karani mstaafu, mtu wa msikiti na wa bao, na hakuna hata mmoja kati ya wanawe aliyewahi kumsikia akitaja kwamba alipiga muziki. Mimi mwenyewe napiga besi katika bendi ndogo ya hapa Kinondoni, na yeye alijua, lakini hakuniambia kitu.

Mwenzangu mmoja amekuwa akinisikilizisha nyimbo za bendi za vijana wa Marekani za miaka hiyo hiyo, wanazoziita bendi za gereji kwa kuwa wale watoto walifanyia mazoezi katika banda la gari la nyumbani. Nilipoitazama picha ya baba mkubwa niliona sura ile ile. Ninaomba kujua mambo matatu kwa walioishi wakati huo. Je, bendi za namna hii zilikuwa nyingi kwetu, au hao walikuwa vijana wanne tu waliovaa vizuri siku moja kwa ajili ya picha? Vyombo walivipata wapi? Na kama zilikuwapo, kwa nini nimetafuta kote na sijapata hata wimbo mmoja wao?

MzeeWaNgamiani (Tanga)

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Mimi si mmoja wa hao wanne, kwa hiyo usinitafute pichani, lakini mwaka 1967 nilikuwa kidato cha tatu hapa hapa Tanga na nilipiga gitaa la rithim, lile la kushikilia mapigo, katika bendi ya shule ambayo ilibadili jina mara tatu kwa sababu kila jina tulilolipenda tulikuta wenzetu wamekwisha kulichukua. Hilo peke yake litakujibu swali la kwanza. Karibu kila shule ya sekondari iliyokuwa mjini, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam na Mombasa, ilikuwa na vijana watatu au wanne waliojiita bendi, na wengi wao walidumu muhula mmoja au miwili.

Uelewe kwanza kwamba muziki mkubwa wa Tanga haukuwa wetu. Mji ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na hao walikuwa watu wazima wenye klabu, sare, mwenyekiti, mweka hazina na vyombo vya kununuliwa. Tulikuwa tukisimama nje ya ukumbi usiku kuwasikiliza kupitia madirishani, lakini kijana wa miaka kumi na sita hakuwa na njia ya kuingia pale isipokuwa kubeba spika. Isitoshe, sisi tulikuwa na wazimu wetu mwingine. Wao walipiga rumba na chacha, sisi tulitaka twisti na roki. Tulianza na nyimbo za The Shadows, wale waliompigia Cliff Richard, kwa sababu iliyo wazi kabisa: hazikuwa na maneno. Ukiwa na solo anayejiamini, rithim asiyechoka na mtu wa kugonga, wimbo umekamilika, wala hakuna atakayekucheka kwa Kiingereza chako. The Beatles walikuja baadaye na kutuharibia, maana kuanzia hapo kila msichana alitaka kusikia sauti tatu zikiimba pamoja, na sisi tulikuwa na sauti moja na nusu.

Nyimbo tulizipata nyumbani kwa mwenzetu Mgoa, ambaye baba yake alikuwa na gramafoni nzuri na ndugu zake wa Nairobi walimletea santuri. Mama yake alikuwa mkarimu lakini alikuwa na sheria: sindano isirudishwe juu ya mstari mmoja zaidi ya mara tatu, kwa maana santuri inalika. Kwa hiyo tulikaa wanne sakafuni, kila mmoja na kazi yake. Mmoja anasikiliza solo tu, mwingine besi tu, mimi nahesabu mabadiliko ya kodi, yaani zile sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa pamoja, na wa nne anaandika maneno kama masikio yanavyomwambia. Mara tatu zikiisha, tulichokosa tulikitunga.

Sasa vyombo. Tulikuwa na gitaa kavu moja lililonunuliwa Mombasa likiwa limeshapita mikono kadhaa, na jingine alilolichonga fundi seremala wa hapa Ngamiani kwa kutazama picha kwenye jalada la santuri, likatoka zuri kwa sura na baya kwa sauti, kwa sababu picha haikumwonyesha upande wa nyuma. Uzi wa kwanza ulipokatika tulichambua waya wa breki ya baiskeli na kufunga nyuzi yake moja. Ulikuwa ukikata vidole, lakini ulilia. Ngoma kubwa ilikuwa ya gwaride la shule, na ninaamini hiyo ya pichani ilipatikana vivyo hivyo: unaiomba Ijumaa kwa mwalimu wa bendi, unairudisha Jumatatu kabla ya kupandisha bendera. Badala ya matuazi tulipiga vifuniko vya sufuria vilivyotobolewa katikati.

Umeme ndio uliokuwa fumbo. Amplifaya ya dukani ilikuwa ndoto, lakini redio za wakati huo, zile za mbao zenye valvu, yaani taa za kioo ndani yake, zilikuwa na tundu mbili kwa nyuma za kuchomekea gramafoni. Mwenzetu mmoja aliyependa fizikia aliling'oa sikio la simu mbovu, akaliviringisha kitambaa, akalibana ndani ya tundu la gitaa na kuunganisha waya zake kwenye redio. Siku ile gitaa lilipotoka kwenye spika ya redio sote tulicheka kama wehu. Lilikuwa likikwaruza vibaya sana, kama mtu anayepasua turubai, na tulihangaika miezi miwili kuuondoa mkwaruzo ule bila kufaulu. Juzi mjukuu wangu alinisikilizisha hizo bendi za gereji unazozitaja, nikasikia mkwaruzo ule ule, na akaniambia kwamba watu hununua vifaa vya bei kubwa ili waupate.

Redio yenyewe ilikuwa ya mzee wa mpiga solo wetu, naye alikuwa mtu wa taarifa ya habari. Masharti yalikuwa kwamba iwe imerudi mezani kwake kabla ya saa mbili usiku. Ndiyo sababu dansi zetu zote zilikuwa za Jumapili alasiri, kiingilio shilingi moja, wasichana bure, na saa kumi na mbili na nusu tunafunga hata kama watu wamepamba moto. Mara moja tu tulichelewa. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wakadai wimbo mmoja zaidi, nasi tukajikuta tumepiga mitatu, na katika huo wa tatu valvu zikaanza kutoa harufu ya vumbi linaloungua, kisha moshi mwembamba mweupe ukapanda nyuma ya ile redio. Watazamaji walishangilia kwa kudhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nilimwona mzee mwenyewe amesimama mlangoni na kanzu yake, hasemi neno, anaitazama redio yake. Bendi yetu ya pili kwa jina iliishia hapo.

Santuri45 (Nairobi)

Mzee wetu, shikamoo. Simulizi yako ya sikio la simu imenifurahisha mno, na ningependa kujibu swali la tatu la kijana, kwa sababu ninakusanya santuri za zamani na suala la nani alirekodiwa na nani hakurekodiwa ndilo linalonikosesha usingizi.

Tutazame kwanza kule Marekani. Baada ya The Beatles kuonekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan tarehe 9 Februari 1964, wakitazamwa na watu wapatao milioni 73, maelfu ya vijana walitaka magitaa, na vyombo vilikuwa karibu nao: kampuni ya Sears iliuza kwa posta gitaa la umeme ambalo kasha lake lenyewe lilikuwa na amplifaya na spika ndani, kwa bei isiyofika dola 70. Lakini si The Beatles waliowaanzisha wote. Kule kaskazini-magharibi, kwenye miji ya Tacoma, Seattle na Portland, vijana walikuwa tayari wanapiga roki ya kelele tangu mwisho wa miaka ya hamsini. Bendi ya The Kingsmen ya Portland ilirekodi wimbo "Louie Louie" tarehe 6 Aprili 1963 kwa gharama ya takriban dola 50, na kipaza sauti kilikuwa kimetundikwa juu sana hivi kwamba mwimbaji alilazimika kuinua shingo na kupiga kelele, tena akiwa na waya za kunyooshea meno mdomoni. Baada ya solo ya gitaa aliingia mapema, akanyamaza, akasubiri, kisha akaingia tena, na kosa hilo limebaki kwenye santuri hadi leo. Wimbo ulifika nafasi ya pili kwa mauzo nchini kote. Kwa kuwa hakuna aliyeelewa anachoimba, wazazi waliamini ni matusi, na shirika la upelelezi la FBI likachunguza kwa zaidi ya miaka miwili, likicheza santuri kwa kasi mbalimbali, na mwishowe likaamua kwamba maneno hayasikiki. Yule kijana wenu aliyekuwa akiandika kama masikio yanavyomwambia angewasaidia.

Jambo la kutazama hapo ni zile dola 50. Kila mji wa wastani ulikuwa na mtu mwenye mashine ya kurekodia, hata ikiwa sebuleni kwake, na kulikuwa na viwanda vilivyokubali kufyatua santuri mia chache kwa yeyote aliyelipa. Kijana alipeleka santuri yake kwenye kituo cha redio cha mji, mtangazaji akaipiga, na jirani zake wakainunua. Hivyo ndivyo watoto wa vibarua wa mashambani wenye asili ya Meksiko, waliokulia jimbo la Michigan na kujiita Question Mark and the Mysterians, walivyorekodi "96 Tears" katika nyumba ya mtu mjini Bay City, wakaitoa kwa lebo ndogo mno, na kabla mwaka 1966 haujaisha ikawa namba moja Marekani nzima. Nyingi nyingine hazikuvuka mpaka wa wilaya, lakini zilikuwa zimeshaandikwa kwenye plastiki. Mwaka 1972 mpiga gitaa na mwandishi wa muziki Lenny Kaye alipokusanya nyimbo 27 za namna hiyo katika albamu ya santuri mbili iitwayo Nuggets, alikuwa na kitu cha kukusanya.

Kwetu mlango ulikuwa mmoja au miwili, na kila mlango ulikuwa na bawabu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilisafiri hadi Nairobi, au zilirekodiwa na redio ya taifa kwa ajili ya kupigwa hewani. Mtayarishaji wa Nairobi aliyetoa fedha zake alitaka wimbo wa Kiswahili ambao mtu wa Kisumu, wa Moshi na wa Mombasa atauelewa na kuununua. Ukimwendea na kopi ya The Shadows, atakuuliza kwa nini mnunuzi asiwanunue The Shadows wenyewe, na sidhani kama alikosea katika hesabu zake. Twisti ilirekodiwa, tena sana, lakini ilikuwa ile ya kina Daudi Kabaka wa Kenya waliokwisha kuigeuza ikawa ya kwao. Vijana wa shule waliokuwa bado wanakopi hawakufika hatua hiyo, kwa sababu kabla ya kutunga cha kwao mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umewafikia.

MpendaRumba (Morogoro)

Kwa heshima zote kwa wazee, mimi nashindwa kuelewa tunachokililia. Miaka hiyo Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walikuwa wameshajenga muziki wenye lugha yetu, Mbaraka Mwinshehe alikuwa ameshaingia Morogoro Jazz, na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa imeundwa tangu 1964. Hao walirekodiwa na wanakumbukwa kwa sababu walikuwa na la kusema. Vijana waliovaa tai na kuimba Kiingereza wasichokielewa walikuwa kasuku, na kasuku harekodiwi.

Santuri45 (Nairobi)

Ndugu yangu, hao uliowataja nami nawapenda, lakini tukianza kuwafukuza kasuku tutabaki na wachache. Rumba yenyewe tuliipata kwenye santuri za Kuba, na watu wazima wenye akili zao waliimba maneno ya Kihispania kwa kukisia miaka mingi kabla ya hawa vijana. Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliuchukua wimbo wa Daudi Kabaka, "Helule Helule", likauimba kwa namna lilivyousikia, na ukaingia kwenye chati za Uingereza. Sijasikia Mwingereza yeyote akiwaita kasuku.

PwaniMchangani (Unguja)

Naongeza kidogo tu. Kijana aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946, Farrokh Bulsara, alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko yeye na wanafunzi wenzake wakaunda bendi ya kukopi iliyoitwa The Hectics, ambamo yeye alipiga piano. Walipiga nyimbo za kina Cliff Richard na Little Richard, kama wenzao wa Tanga. Alirudi Unguja mwaka 1963, akaondoka na wazazi wake kwenda Uingereza mwaka uliofuata, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Kama angebaki na kuwa karani, picha yake ya shule nayo ingekuwa kwenye bahasha ya kaki.

BintiWaKariakoo (Dar es Salaam)

Kaka yangu wa Ngamiani, nimesoma maneno yako nikicheka, ila hapo uliposema "wasichana bure" naomba nikurekebishe. Hatukulipa shilingi, lakini tulilipa. Nani aliyewapigia pasi yale mashati meupe? Nani aliyezifanya zile tai nyembamba kwa kukata tai pana za baba na kuzishona upya? Dada yangu alishona tai nne kwa usiku mmoja kwa ajili ya bendi ambayo kaka yetu alipiga, na hata kwenye picha yao hakuwekwa.

Sisi wa Dar es Salaam tulikwenda kwenye dansi za alasiri, tulizoziita bugi, na Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ndio ukumbi ninaoukumbuka kuliko mwingine wote. Nilikuwa nikiondoka nyumbani nimejifunga khanga mbili, na gauni langu fupi liko ndani yake limekunjwa kiunoni, viatu vya kisigino ndani ya kikapu chini ya mafungu ya mchicha. Tulikuwa na mwenzetu anayeishi karibu na ukumbi, na chumba chake kilikuwa kama chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya mpira. Saa kumi na mbili na nusu tunageuka tena kuwa watoto wa watu. Mchicha ulifika nyumbani umelegea na mama hakuwahi kuuliza, jambo ambalo hadi leo linanifanya nidhani alijua.

Wanaume mkisimulia miaka hiyo mnasema vyombo, vyombo, lakini wakati mambo yalipobadilika hamkuwa wa kwanza kuumia. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwezi Oktoba 1968, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana walikuwa wakizingirwa na kuzomewa Kariakoo, na wengine walichaniwa nguo zao wakishuka kwenye basi. Mimi nilinusurika kwa kuwa siku hiyo khanga zangu zilikuwa bado mwilini. Novemba 1969 muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, nao ukapigwa marufuku hapa mjini kwa amri ya mkuu wa mkoa, na wakati huo ndio bendi nyingi za vijana zilikuwa zimehama kutoka twisti kwenda kwenye soul.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema marufuku ndiyo iliyoziua. Kaka yangu aliacha gitaa mwaka 1968, kabla ya amri yoyote, kwa sababu alipata kazi na baba akamwambia mtu mwenye mshahara hapigi kelele uani. Mpiga ngoma wao aliendelea na kidato cha tano Tabora. Mwingine alikwenda chuoni na kisha JKT, kama sheria ya wakati huo ilivyowataka wasomi. Bendi ya watoto wa shule huishia shuleni, na ukiikuta ina umri wa miaka mitano ujue hao si watoto tena. Walioendelea walikuwa wachache, na kutoka kwenye mkondo huo wa vijana wa mjini zikaja bendi za miaka ya sabini kama Sunburst, ambayo ilibahatika kurekodi Nairobi na baadaye Zambia, na ndiyo maana rekodi zake zimetolewa upya Ulaya mwaka 2016 na wajukuu wetu wanazisikiliza.

Kwa nini baba yako mkubwa hakukwambia, hilo sina uhakika nalo, lakini kaka yangu naye hasimulii. Nilipomwuliza mara moja alisema, "Tulikuwa tunacheza tu." Baadaye nikamkuta anafundisha mtoto wa jirani namna ya kushika kodi ya F.

KambaYaSita (Dar es Salaam)

Nawashukuru mno wazee wangu, na shangazi yetu wa Kariakoo, nimepiga simu Tanga kuuliza ni nani aliyezishona zile tai nne. Bado hatujapata jibu, ila mama mkubwa amecheka kwa muda mrefu kabla ya kusema hajui.

Mzee wa Ngamiani, nina ombi moja. Nimeitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Besi ni kamba moja kweli, imepitishwa kwenye tundu katikati ya sanduku na kufungwa fundo kwa ndani. Mkono wa kushoto wa baba mkubwa uko juu kabisa ya mpini kana kwamba anauvuta nyuma. Je, ndivyo ilivyopigwa, na kamba ile ilikuwa ya nini? Inang'aa.

MzeeWaNgamiani (Tanga)

Ndivyo hasa. Ukiuvuta mpini nyuma kamba inakaza na sauti inapanda, ukiulegeza inashuka, na mkono wa kulia unadonoa. Hakuna alama za kodi wala kipimo, ni sikio tu, kwa hiyo aliyeweza kuipiga vizuri alikuwa na sikio kuliko sisi wote wenye magitaa. Mshipi unaong'aa ni wa nailoni, wa kuvulia samaki wakubwa, tuliununua kwa wavuvi pale bandarini. Kamba ya katani ilikuwa bure mji mzima lakini haitoi mlio, inanyonya sauti. Mguu mmoja uwe juu ya sanduku, la sivyo linaruka. Angalia picha utauona.

Bwana wa rumba naye nimemsoma. Sina ugomvi naye. Hata sisi tulipomaliza kujiita bendi tulirudi dirishani kwa Jamhuri.

Tangu uandike nimetafuta daftari letu la nyimbo na nimelipata, limeliwa na mchwa pembeni. Kila wimbo una ukurasa wake, na pale tulipokosa maneno tumechora mstari na kuandika juu yake "guna". Kuna wimbo mmoja wenye guna kumi na moja. Ukurasa wa mwisho ni wa madeni: shilingi mbili za nyuzi, senti hamsini za pasi ya mkaa, na "sanduku, lirudishwe".

Nami nikuulize. Hilo sanduku la pichani lina maandishi yoyote ubavuni? Masanduku ya chai yalipigwa chapa.

KambaYaSita (Dar es Salaam)

Kuna herufi zilizopigwa kwa rangi nyeusi, lakini goti la baba mkubwa limezificha nyingine. Zinazosomeka ni A, M na A.

MzeeWaNgamiani (Tanga)

Basi hilo ni la chai ya Amani, ya kule milimani Usambara. Masanduku hayo matupu mimi niliyaona kwenye duka moja tu, pembeni ya barabara ya kumi na mbili, na mwenye duka hakuwa mtu wa kumwazima asiyemjua. Kwa hiyo mmoja wa hao wanne alikuwa akikaa mtaa ule. Nitakwenda kesho baada ya alasiri. Wapo wazee wawili pale ambao bado hukaa barazani. Nitumie picha yenyewe, na uikuze upande wa huyo mwenye gitaa jeusi, maana namna anavyolishika juu kifuani si ngeni kwangu.